Barua ya wazi kwa walioshika faili la mpwa wangu

Kwa wakuu wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani mnaosimamia uandikishaji wa askari na upimaji wa afya zao,

Waheshimiwa, salamu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayosemea mambo mazito. Nakala ya Kiingereza ilikwenda kwa mbunge wetu wiki iliyopita, binti yangu ndiye aliyeitafsiri. Hii ya Kiswahili nimeiacha wazi ili walezi wenzangu nao waisome, sisi tuliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma, Dadaab na Nakivale, ambao watoto wetu sasa wanajaza fomu za jeshi la nchi hii, kisha wanakaa mezani chakula kinapoa huku wakitazama simu.

Mpwa wangu ana miaka 19. Ni mtoto wa dada yangu mkubwa, aliyefariki kambini mtoto akiwa darasa la pili. Tangu hapo yuko mikononi mwangu, na ananiita Mjomba, ingawa watu wa jengo letu wanadhani mimi ni baba yake na sijawahi kuwasahihisha. Tulifika Marekani Desemba 2021. Mwaka jana mwezi wa tano alimaliza sekondari, na mwezi uliofuata akafanya ule mtihani wenu wa kuingilia jeshini, ASVAB. Alifaulu, tena kwa Kiingereza alichoanza kukisoma kwa dhati miaka mitatu tu kabla. Leo ni mwaka mmoja kasoro mwezi. Bado anasubiri mtu mmoja aseme kama mapafu yake yanafaa au hayafai.

Niseme kwanza kwamba mimi nilikataa. Nilitoka Fizi, mashariki mwa Kongo, mwaka 1996 nikiwa na miaka 14, nikavushwa Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi uliojaa hadi maji yakawa yanagusa ukingo. Kwetu sisi mtu mwenye gwanda alikuwa mtu wa kukimbiwa. Hukusimama kuuliza ni wa upande gani. Kwa hiyo kijana aliponiambia anataka kuvaa gwanda, nilihisi kama amenirudisha kwenye ule mtumbwi. Nikamwambia hapana, na hapana hiyo ilidumu miezi minane. Hakubishana nami, kwa maana hakulelewa kubishana na wakubwa. Siku moja tu, tukiwa tunaosha gari, aliniuliza, "Mjomba, usiku ule mnavuka, kama kungekuwa na askari wa kuwalinda, mngekimbia?" Nikaendelea kusugua tairi. Kesho yake asubuhi, niliporudi kutoka shifti ya usiku kiwandani, nilimkuta amekwisha rudi kukimbia, jasho linamtoka kwenye baridi, nikamwambia aende akaandikishwe.

Nimeyaeleza haya ili mjue kwamba faili lililoko mezani kwenu si la kijana aliyeona tangazo kwenye simu akavutiwa. Wala hafuati karatasi. Najua kwamba tangu amri ya Rais George W. Bush ya Julai 2002, mwenye kadi ya ukaazi anayehudumu kwa heshima anaweza kuomba uraia bila kungoja ile miaka 5 wanayongoja wengine. Lakini huyu miaka yake 5 inatimia Desemba ijayo. Uraia anaweza kuuomba akiwa amekaa sebuleni kwangu. Jeshi ndilo analolitaka.

Sasa nije kwenye kikohozi.

Nyumba ya kwanza tuliyopangishiwa ilikuwa chini ya ardhi, ya vyumba viwili, na ukuta wa upande wa kaskazini ulikuwa na ukungu mweusi tuliokuwa tukiufuta Jumamosi na Jumatano umesharudi. Ilikuwa Januari. Watoto waliozaliwa Kigoma, ambako baridi ya kiangazi ikizidi unatafuta kitenge cha kujifunika, walikuwa wanalala wamevaa makoti. Wote walikohoa. Huyu alikohoa zaidi, wiki tatu, usiku anakaa kitako ili apumue vizuri. Nikampeleka kwenye kliniki iliyokuwa ikihudumia wageni. Daktari alimsikiliza kifua kwa dakika chache, akaandika inhela, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo wanayopewa wenye pumu, akasema itamfungua kifua. Hakuna mashine aliyopulizia, hakuna kipimo kilichofanywa. Alitumia kama siku kumi. Machi tulihama, tukapata nyumba kavu, kikohozi kikaisha na inhela ikabaki kwenye droo hadi tarehe yake ikapita. Alikuwa na miaka 15.

Waraka wenu namba 6130.03, unaoweka viwango vya afya kwa anayetaka kujiunga, unasema pumu au mkazo wa njia za hewa baada ya kutimiza miaka 13 ni kikwazo. Sina ugomvi na kiwango hicho. Askari anayeishiwa pumzi anawaweka wenzake hatarini, hilo hata mimi nisiyejua kwata nalielewa. Kama mpwa wangu ana pumu, asiende. Ninachouliza ni kama anayo, na mnachukua muda gani kujua.

Maana yeye alisema ukweli. Fomu ya maswali ya afya aliijaza hapa hapa mezani kwangu, usiku, mimi nikijiandaa kwenda kazini. Rafiki zake walishamwambia aweke hapana kila mstari, kwamba mwenye kusema ndiyo anajifungia mlango mwenyewe. Alifika kwenye swali la inhela akainua kichwa. "Mjomba, ile ya mwaka ule inahesabika?" Nikamwambia, waliyouliza ni kama umewahi kutumia, na umewahi. Andika. Akaandika, na akaeleza kwa herufi ndogo ilivyokuwa, ukungu na baridi na siku kumi. Nilimwona ameinua mabega alipokuwa akiandika, kama mtu anayebeba ndoo kichwani asiyetaka imwagike. Kuna usiku nimelala nikajiuliza kama mimi ndiye niliyemponza.

Kisha nikaja kujua kwamba hata asingeandika, mngeiona. Tangu mwaka 2022 vituo vyenu vya kupimia wanaotaka kujiunga, MEPS, vinatumia mfumo wa MHS Genesis, ambao unavuta kumbukumbu za matibabu kutoka hospitali na maduka ya dawa ya kiraia yaliyounganishwa nao. Sawa. Mnataka kujua mnamchukua nani, na ni haki yenu. Lakini kinachojitokeza kwenye kioo ni jina la dawa na tarehe. Ukuta wenye ukungu haujitokezi. Daktari aliyekuwa na wagonjwa wengi na mkalimani wa simu aliyekuwa akikatikakatika hajitokezi. Mtoto wa Marekani aliyezaliwa hapa ana daktari mmoja aliyemjua tangu utotoni, anayeweza kuandika barua akasema, huyu namfahamu, yale yalikuwa mafua tu. Wetu hana mtu wa namna hiyo. Karatasi moja iliyoandikwa na mtu aliyemwona mara moja ndiyo historia yake yote.

Mkaomba kumbukumbu kamili za kliniki ile. Ni ombi la haki. Tukaenda, tukakuta mlango una jina jingine. Kliniki ilishauzwa. Wapya wakasema mafaili ya zamani yako kwa wa zamani, na wa zamani hawakuwa na simu inayopokelewa. Kijana aliandika barua tatu. Nilichukua likizo ya siku mbili bila malipo kumpeleka mahali wanapotunza makaratasi ya namna hiyo, na tulipofika tukaambiwa tujaze fomu, tungoje siku 30. Siku 30 zikazaa siku 30 nyingine. Kilichorudi mwishowe, Oktoba, ni ukurasa mmoja wenye mistari minne: jina, tarehe, kikohozi, dawa. Ndiyo hiyo hiyo mliyokuwa nayo kwenye kioo tangu Julai.

Na muda wote huo, kwenye kabati langu, juu ya mablanketi, kulikuwa na mfuko wa IOM, lile Shirika la Kimataifa la Uhamiaji.

Kila mtu aliyeletwa nchi hii kama mkimbizi anaujua mfuko huu. Ni wa plastiki, mweupe, wenye herufi za bluu, na unapouvaa shingoni uwanja wa ndege unaambiwa usiuachie hata ukienda chooni. Wetu umeanza kupasuka kwenye mshono, nimeushona kwa uzi wa nailoni. Ndani yake kuna karatasi za afya ya kila mmoja wetu, zilizojazwa kabla ya safari kwa maelekezo ya serikali yenu wenyewe, kupitia kile kituo chenu cha kudhibiti magonjwa cha Atlanta, CDC. Mpwa wangu alikuwa ametimiza miaka 15, umri ambao picha ya kifua ni lazima kwa kila mmoja, kwa ajili ya kifua kikuu. Akapigwa picha. Akachukuliwa damu. Akachanjwa. Siku chache kabla ya kupanda ndege tukapewa dawa za malaria na za minyoo, tukameza wakitutazama. Daktari akamsikiliza mapafu yote mawili, mbele na nyuma, akaandika kwamba ni mzima. Hiyo ilikuwa kabla ya Januari ya ukungu kwa miezi tu.

Niliupeleka mfuko huo kwa mwandikishaji. Ni kijana mwema, anamheshimu mpwa wangu, na simlaumu. Aliufungua, akatazama, akasema hana mahali pa kuziweka karatasi hizi kwenye mfumo, na wala hazikuulizwa. Nikaukunja, nikaurudisha kwenye kabati.

Waheshimiwa, naomba mlitafakari hili kidogo. Serikali hii ilimpima mtoto huyu kwa makini ili iamue kama anafaa kuingia nchini, na ikasema anafaa. Karatasi zipo, zina mihuri. Leo serikali hiyo hiyo inamtaka alete ushahidi wa mapafu yake kutoka kliniki iliyokufa, na haitaki kusoma ulioandikwa kwa maelekezo yake.

Novemba hatimaye akaitwa kwenye kituo cha upimaji. Usiku alilazwa hotelini pamoja na wenzake, saa kumi alfajiri wakaamshwa. Alirudi nyumbani akanisimulia kila kitu, maana alikuwa na furaha. Kibanda cha kupimia masikio. Kitabu cha namba za rangi. Mkojo huku mtu amesimama karibu. Kisha chumba kikubwa, vijana wote wamebaki na nguo za ndani, wanaamriwa kuchuchumaa na kutembea vile vile wamechuchumaa, kama bata, kutoka ukuta hadi ukuta. Alituonyesha hapo sebuleni, wadogo zake wakamfuata nyuma, mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Kila kipimo alipita. Alipofika kwa daktari wa mwisho, daktari akalitazama faili, akamwambia kwa upole kwamba kwa sababu ya ile inhela hawezi kumpitisha, aende kwanza akapimwe pumzi.

Desemba akapimwa pumzi na mtaalamu wa kifua. Alipuliza kwenye mashine, akapewa dawa, akapuliza tena. Mtaalamu akaandika kwamba mapafu yanafanya kazi kama yanavyotakiwa na haoni dalili ya pumu. Karatasi hiyo ninayo hapa. Januari ikapelekwa juu pamoja na maombi ya ruhusa maalumu, yaani apokelewe licha ya ile inhela.

Tangu Januari, neno tunalolipata ni moja. Bado.

Hapa niwaeleze walezi wenzangu jambo ambalo mimi lilinichukua miezi kulielewa, na wengi wetu hatuambiwi. Daktari wa MEPS hana mamlaka ya kusamehe. Kazi yake ni kulinganisha mwili na waraka: umefikia kiwango au hujafikia. Ukiandikwa hujafikia, hujakataliwa na jeshi bado. Uamuzi wa kukupokea pamoja na dosari hiyo ni wa tawi uliloomba, na kila tawi lina madaktari wake wanaosoma maombi hayo na kila moja lina msimamo wake. Kwa hiyo kijana anaweza kukataliwa na tawi moja akapokelewa na jingine kwa mapafu yale yale. Na kijana mwenyewe haongei na yeyote kati ya hao. Anaongea na mwandikishaji tu, na mwandikishaji naye anatazama kioo kinachosema bado. Msimgombeze mwandikishaji. Muulizeni faili liko hatua gani, na aandike tarehe aliyolipeleka.

Narudi kwenu, wakuu.

Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, nami nataka mjue yanavyoumia, kwa kuwa mkiwa kule juu naamini hamwoni. Februari kijana alipata kazi ya ufundi wa majokofu ya viwandani, mafunzo ya miaka miwili yenye mshahara. Walimtaka aahidi kwamba hataondoka katikati. Hakuweza kuahidi, maana kila wiki tuliamini wiki ijayo mtaita. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Chuo cha jamii kilikuwa na dirisha la usajili, likafungwa hivyo hivyo. Sasa anapakua maboksi ghalani, kazi ya siku, ili awe huru mkipiga simu. Anakimbia kila alfajiri, kilomita nane, wakati mwingine kumi. Viatu amevimaliza jozi mbili. Kijana mwenye mapafu mabovu hamalizi jozi mbili za viatu, lakini hilo nalo halina mahali kwenye mfumo.

Baya kuliko yote ni hili, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wiki tatu zilizopita nilirudi kazini saa kumi na moja alfajiri nikakuta taa ya jikoni inawaka. Alikuwa amekaa kwenye kiti, shavu la kushoto limevimba, ametafuna karafuu mpaka jiko zima lilinuka karafuu. Kikombe cha maji ya chumvi mbele yake. Jino. Nikamuuliza tangu lini, akasema siku tisa. Siku tisa, waheshimiwa, na hakuniambia. Nikachukua funguo za gari. Akanishika mkono. "Mjomba, tusiende. Wakiandika dawa itaonekana. Wataanza upya."

Nikamwambia jino si pafu. Akasema hata inhela haikuwa pumu.

Nilikaa naye hadi kukakucha. Sikujua cha kumwambia, kwa sababu sikuweza kumhakikishia kwamba amekosea. Alishawasikia wenzake. Yupo aliyepewa vidonge vya usingizi mara moja baada ya kufiwa, naye akatakiwa alete barua ya daktari wa akili. Yupo msichana anayekaa na maumivu ya tumbo ya kila mwezi bila kuyasema popote. Wanaogopa daktari. Sisi tuliotoka mahali ambapo mama alitembea saa nne na mtoto mgongoni kutafuta daktari, watoto wetu leo wanajificha wasimwone, katika nchi yenye madaktari kila kona. Na kinachowafundisha hivyo si ule waraka wenu. Ni ukimya. Mtu asipojua faili lake limesimama kwa sababu gani, kila kitu kinageuka kuwa sababu.

Fikirini pia mnapata askari wa aina gani hapo. Mnamchuja aliyesema ukweli mnamweka pembeni mwaka mzima, na katika mwaka huo mnamzoeza kuficha maumivu. Siku atakapokuwa kwenu na goti limeumia, mnatarajia aseme?

Mnajua mwaka 2022 jeshi la nchi kavu lililenga makuruta 60,000 likakosa kama 15,000. Mwaka huo huo Wizara yenu ilianza jaribio la kulegeza masharti ya muda kwa hali 38 za kiafya, ili kijana ambaye ugonjwa wake wa utotoni umepita muda fulani bila dalili wala dawa asilazimike kuomba ruhusa maalumu. Nilisoma habari hiyo nikafurahi, maana yake kumbe mnaweza kutazama upya mkitaka. Mwaka 2025 mambo yamegeuka: lengo la 61,000 lilitimia mapema mwezi wa sita, miezi minne kabla ya mwaka wa fedha kuisha. Nawapongeza kwa hilo. Lakini nimeanza kuogopa kwamba viti vikijaa, aliyesimama mlangoni anasahauliwa, maana hakuna anayeumia asipojibiwa isipokuwa yeye.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Faili linapotoka meza moja kwenda nyingine, kijana apate ujumbe: limetoka hapa, limekwenda pale, linangojewa hiki. Posta inaweza kunionyesha kifurushi cha dola 12 kiko mji gani. Na meza ile ya mwisho iwe na siku zake. Mkisema siku 60, tutangoja 60 kwa subira, tumezoea. Tuliomba kuja huku tukangoja miaka saba, lakini hata kule kambini kulikuwa na ubao. Kila wiki majina yalibandikwa, watu walitembea na jua kwenda kuusoma, na asiyejiona alijua kwamba hajaitwa na anajua lini ubao mwingine unabandikwa.

Karatasi za mfuko wa IOM zipokelewe. Ziwekeeni mahali kwenye mfumo wenu. Wako vijana wengi wa Kongo, Burundi, Somalia na Sudan Kusini ambao hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya afya waliyo nayo ya kabla ya kufika. Wengine hata siku yao ya kuzaliwa ni Januari 1 kwa sababu karani ndivyo alivyoandika. Mimi mwenyewe ni Januari 1, na katika jengo letu tuko kumi na mmoja. Ukimpima mtu wa namna hiyo kwa mstari wa siku aliyotimiza miaka 13, umempima kwa kalamu ya karani. Na pale kliniki inapokuwa imekufa au kambi imefungwa, kiwepo kiapo kinachokubalika kwamba karatasi hazipo, mtu asiambiwe kila mwezi aendelee kutafuta.

Na mkiona hafai, mkataeni. Nalisema hili nikimaanisha, na yeye amenikubalia niliandike. Mtaalamu wa kifua anaweza kuwa amekosea, nanyi mna uzoefu wa watu wengi kuliko yeye. Andikeni hapana, na sababu yake, na tarehe. Atalia siku mbili, mke wangu atampikia ugali na samaki wa kukaanga, wiki ijayo atarudi kwa wale watu wa majokofu kuuliza kama kuna nafasi. Hapana tunaweza kuishi nayo. Dada yangu aliambiwa hapana mara mbili na nchi mbili, na kila mara alijua kesho yake aamke afanye nini.

Jambo moja la mwisho, na hili ni la faili. Jumatatu asubuhi nampeleka kwa daktari wa meno. Nimeshaweka miadi na yeye ameshakubali, kwa shingo upande. Ni gego la pili la chini, upande wa kushoto. Nadhani watalitoa. Huenda wakampa vidonge vya kuua vijidudu kwa siku saba na vya maumivu kwa siku mbili tatu, navyo vitatokea kwenye kioo chenu. Nimeyaandika hapa mapema, kwa tarehe na kwa jino lenyewe, ili yatakapoonekana yasiwe sababu ya kulirudisha faili nyuma. Hakuna kingine kilichompata. Namba yake ya simu haijabadilika.

Wasalaam,
Mjomba wake